Mshono Chini ya Zulia

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, za mtu aliyekaa kitandani na ubao wa kukatia mboga mapajani, maana meza imejaa nguo zinazosubiri pasi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipozungumza mara ya mwisho kimekuachia. Wamekupunguzia zamu huko ugenini hospitalini, au bado mnasimama kutwa nzima kama milingoti? Usiache kula asubuhi. Najua unaacha.

Sisi hapa hatujambo. Naanza na hilo makusudi, nalo nalirudia ulishike kabla hujaendelea: watoto wote wawili ni wazima, hawajaguswa hata ukucha. Mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na anajidai kwamba sasa anapiga mluzi kuliko mtu yeyote darasani. Mdogo amekataa kuitwa mdogo. Baba naye hajambo. Goti lake ndilo lile lile, linamuuma akipanda ngazi na kupona akiitwa barazani kupiga soga. Mume wako ni mzima pia, ingawa tangu Alhamisi hasemi nami, na ukifika mwisho wa barua hii huenda nawe ukaungana naye.

Wiki hii nimekupigia simu mara tatu nikakata kabla hujapokea. Uliponiuliza kulikoni, nikajibu kwamba nimebonyeza kwa bahati mbaya. Nilikudanganya. Kwa simu ningelia, nawe ungeniambia nyamaza mdogo wangu, yamekwisha, na ningenyamaza kweli, nusu ya habari ikabaki tumboni. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nakuomba kitu kimoja tu: usimpigie mtu yeyote kabla hujafika kwenye jina langu pale chini.

Habari yenyewe ni ya lile gari lenu.

Unakumbuka siku ile uliponipigia ukicheka peke yako. Ulisema shemeji amepata gari alilokuwa akiliota tangu ujana, gari la kifahari hasa, buluu iliyokolea, viti vya ngozi rangi ya maziwa, na mwenye nalo anahama kwa hiyo ana haraka. Ukaniambia kwamba mimi ndiye fundi wa bodi wa ukoo huu, niende nikalikague kwanza, na neno langu litakutosha. Nilikwenda na shemeji. Nililizunguka mara mbili, nikagonga milango kwa kifundo cha kidole nikisikiliza sauti ya puti, ile plasta ya kuzibia mabonde ya bati, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha oili nikanusa. Kisha nikaliendesha. Dada, mimi nimezoea kuyaona magari ya namna ile yakiwa yamepondeka. Sikuwahi kukaa nyuma ya usukani wa moja likiwa zima. Nilipokanyaga mafuta, halikunguruma, lilivuta pumzi tu, na mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti kama mtu amenisukuma kifuani. Nilipowarudisha shemeji na yule muuzaji, nilichelewa kurudisha ufunguo. Jioni nikakwambia kwa maneno mawili: lichukueni tu. Mkalichukua.

Kilichofuata mume wako amekusimulia vipande vipande, lakini hakukueleza ya ile Jumapili ya mashindano, kwa kuwa hakuipenda ilivyoisha. Shemeji alikuwa amemchokoza Baba kwa wiki nzima. Alimwambia kwamba lile gari lake jeupe, lililofanya teksi miaka kumi na minane, sasa ni la kufugia kuku. Jumapili Baba akavaa kofia yake, akamwambia shemeji alete hilo lake pale kwenye barabara pana ya maghala, ambako siku za mapumziko hapapiti hata paka, tuyapime yote mawili mchana kweupe na fundi awe mwamuzi. Fundi ndiye mimi.

Baba alianza na kipimo chake mwenyewe. Alinikalisha kiti cha nyuma na daftari, akaniambia niandike jina langu mara kumi huku gari linapita ile sehemu ya lami iliyochimbika. Ndani ya gari lake niliandika kitu ambacho hata mimi sikuweza kukisoma, mistari imeruka kama nimeandika nikiwa juu ya punda. Ndani ya gari la shemeji mwandiko wangu ulikuwa safi kama wa cheti. Nilimweleza Baba sababu yake. Gari lake limekalia springi za chuma, kila shimo linakuja moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo. Lile jingine limekalia mifuko ya upepo, na kuna kompyuta inayosoma barabara na kulegeza au kukaza mfuko wa kila gurudumu kwa wakati wake. Baba akauliza mifuko ikitoboka je. Shemeji akasema haitoboki. Mimi nikasema inatoboka, na Baba akacheka hadi akakohoa.

Kwenye mwendo hapakuwa na mashindano. Silinda sita na lita tatu dhidi ya silinda nne na lita moja na nusu. Gia nane zinazojibadili bila wewe kujua, dhidi ya gia tano ambazo ya tatu inalia kama mtoto mwenye njaa. Shemeji alifika mwisho wa maghala, akageuza, akawa anarudi, Baba bado yuko katikati anabembeleza gia ya nne. Hata kelele za nje hazikuingia mle ndani. Vioo vyake ni vya tabaka mbili, ukifunga mlango dunia inanyamaza.

Kisha tukaja kwenye breki. Nilichora mstari wa chaki barabarani, kila mmoja afike pale kwa mwendo wa themanini na kukanyaga kwa nguvu zote. Gari la Baba lilisimama hatua arobaini na moja kutoka kwenye chaki, linanuka mpira, limenyooka kama rula. La shemeji lilisimama hatua thelathini na mbili. Shemeji akashuka amenyoosha mikono juu. Lakini Baba, aliyekuwa amesimama kando ya barabara akilitazama likija, hakupiga makofi. Alimwomba shemeji apite tena polepole, akachuchumaa na goti lake bovu, akafumba jicho moja. Halafu akasema kwamba gari lile linakimbia kama mbwa.

Shemeji alidhani anasifiwa. Baba akaeleza kuwa mbwa akikimbia, miguu ya nyuma haifuati njia ya miguu ya mbele, anakwenda ubavu ubavu. Magurudumu ya nyuma ya gari hili yanapita kiganja kizima kushoto kwa yale ya mbele. Shemeji alicheka, akasema mzee ana wivu. Nami nilicheka, dada. Nilicheka kwa sauti kuliko mume wako.

Zikapita wiki. Siku moja gari limeegeshwa uwanjani kwenu, hakuna aliyeligusa, kioo cha mbele kikapasuka chenyewe kutoka pembe hadi pembe. Shemeji akasema ni jua, akabadili kioo. Mlango wa nyuma wa kushoto ukaanza kugoma kufunga, ikabidi watoto waubamize kwa mguu. Matairi yakalika upande mmoja. Alilipeleka kwa mtu wa kupima magurudumu, akarudishiwa na maneno kwamba mashine imekataa, vipimo vya mbele na vya nyuma havikubaliani hata wakifanya nini. Ndipo Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya kuwashusha watoto shuleni, akaliingiza kwenye banda langu na kuniambia nitafute ugonjwa.

Nilikuwa na Waya, yule fundi umeme ninayegawana naye banda. Shemeji alikaa kwenye benchi na gazeti. Niling'oa kiti cha nyuma, nikaondoa reli za viti vya mbele, nikakunja zulia. Chini ya zulia palikuwa na lami nyeusi nzito, ile inayopakwa kuzuia kelele. Viwandani huipaka nyembamba na sawasawa. Hii ilikuwa nene mahali pamoja tu, mstari unaokatiza sakafu kutoka mlango hadi mlango. Nikachukua chuma cha kukwangulia. Lami ikatoka, chini yake puti, na chini ya puti nikaona mshono.

Dada, niliduwaa. Nilikwangua kulia, mshono ukaendelea. Nikakwangua kushoto, ukaendelea. Ulipita chini ya vizingiti vya milango, ukapanda nguzo za pembeni, ukafika kwenye paa juu ya kioo cha mbele. Nilimwita Waya kwa mkono. Waya akainama na tochi, akatazama, akaenda mbele akasoma alama ndogo ya mwaka iliyochapwa kwenye pembe ya vioo vya milango ya mbele, akarudi nyuma akasoma ya vioo vya nyuma. Ilipishana miaka miwili. Akasema taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba haya ni magari mawili.

Ndivyo yalivyokuwa. Gari moja lilipondeka mbele, jingine likapondeka nyuma, mtu akayakata yote mawili katikati, akachukua nusu iliyo nzima ya kila moja na kuziunganisha kwa moto. Juu rangi ya buluu, ndani ngozi ya maziwa.

Niruhusu nikueleze kwa nini niliogopa, maana mtu mwingine angesema alimradi linatembea. Fahari ya gari kama lile si ngozi wala mwendo. Fahari yake iko kwenye mifupa. Pua yake na mkia wake vimetengenezwa vikunjwe kama karatasi likigonga, vimeze kishindo, na pale katikati wanapokaa watu chuma chake ni cha namna nyingine, kigumu ajabu, kisikunjwe hata kidogo. Chuma kile ukikichoma moto ovyo ugumu wake unakufa, kinakuwa kama bati la debe. Aliyeliunganisha alikichoma pale pale katikati, mzunguko mzima. Gari la Baba limejengwa kwa chuma cha kawaida, injini yake imechoka na breki zake za nyuma ni za zamani, lakini ni gari moja kutoka pua hadi mkia. La kwenu lingeweza kwenda kasi mara mbili ya lile, na siku ya kugongana lingefunguka kama sanduku la viatu. Nilipima kwa mkono umbali kutoka kwenye mshono hadi mahali watoto wanapoweka miguu. Hata shibiri moja haikufika.

Tulimwita shemeji. Aliinama akautazama mshono kutoka mlango hadi mlango. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alikunja gazeti mara nne, akaniambia kwa sauti ndogo, "Funika."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Funika, shemeji. Rudisha zulia, rudisha viti. Alhamisi namleta mteja."

Mteja alikuwa amekwisha kumpata, mwalimu wa mdogo, yule anayefundisha darasa la awali. Alikuwa amelipenda kila asubuhi akiliona getini. Nilimuuliza shemeji kama ana akili timamu. Akanijibu kwamba yeye pia aliuziwa hivyo hivyo, hakuna aliyemhurumia, na kwamba wewe ukirudi ukakuta amenunua nusu mbili atakuangaliaje. Usimchukie kwa hilo, dada. Niliyaona macho yake. Alikuwa ameona haya kuliko alivyokuwa na ubaya. Nikarudisha zulia mbele yake na kukaza viti, akaenda zake kwa miguu akiamini tumekubaliana.

Lakini sikurudisha zulia kwa ajili yake. Nililirudisha kwa sababu sikutaka Waya aendelee kuutazama ule mshono, na hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito.

Kila mchomeleaji ana mwandiko wake. Mimi natumia mkono wa kushoto, na nilifundishwa na mtu wa mkono wa kulia, kwa hiyo kila baada ya urefu wa kidole nasimama, chuma kinapoa, halafu naanza tena kwa kurudi nyuma kidogo. Kila nilipoanzia panabaki kijindoano kama mkia wa herufi. Wenzangu walikuwa wakinitania kwa hilo tangu nikiwa mwanafunzi. Nilipokwangua nguzo ya upande wa dereva, niliviona vijindoano vile, kimoja baada ya kingine, vimepangana hadi juu. Dada, mshono ule ni wangu. Niliuchomelea kwa mkono huu ninaokuandikia nao.

Ilikuwa miaka sita iliyopita, nilipokuwa kwa yule bwana tuliyemwita Rula, aliyetembea na rula ya chuma mfukoni mwa shati. Aliniletea nusu mbili zisizo na viti wala rangi. Alisema ni gari la kufundishia wanafunzi wa chuo, halitavuka uzio. Nilikuwa mwanamke pekee pale karakana, na Rula hakuwa mtu wa kusifu, lakini nilipomaliza alipitisha kidole juu ya mshono akasema hauonekani hata kwa macho ya sisimizi. Nilitembea siku nzima nimenyanyua kichwa. Wiki iliyofuata nikamwona mpiga rangi analipiga buluu, nikawaona wanafunga viti vipya na mikanda. Hakuna anayefunga mikanda kwenye gari la kukaa darasani. Nilijua. Nikajiambia si kazi yangu kuuliza. Na akaniletea jingine, kisha jingine. Niliunganisha matatu kabla sijaondoka pale.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Baba. Nilimkuta amefungua boneti anasafisha plagi kwa brashi ya meno. Nikapasua jipu lote nikiwa nimesimama, nimeshika nguzo ya mlango. Alisikiliza huku anaendelea kusugua, mpaka nilipofika kwenye vijindoano, akaacha.

"Mangapi?" akauliza.

Nikamwambia matatu.

Aliiweka plagi chini polepole kama yai. "Moja tulikuwa tunalipanda sisi," akasema. "Mengine mawili wanayapanda akina nani?"

Katika miaka yote sita sikuwahi kujiuliza swali hilo, nalo lilinipiga pale pale kuliko kofi. Baba hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Alisema tu kwamba amebeba watu miaka kumi na minane, na kila aliyefungua mlango wa nyuma wa gari lake alikuwa anamwachia roho yake bila kuuliza, na kwamba fundi naye ameachiwa vivyo hivyo. Kisha akaniuliza Alhamisi mteja anakuja saa ngapi.

Siku hiyo hiyo nilimwomba Waya atoe betri na kunyonya petroli yote kwenye tangi. Hakuuliza kwa nini.

Alhamisi saa nne shemeji alikuja na yule mwalimu. Ni mama mnene mwenye sauti ya kuimba, unamkumbuka. Alifungua mlango wa nyuma, akakaa, akapapasa ngozi. Akasema mama yake mzazi hawezi tena kukaa kwenye gari linalorusharusha, viungo vinamuuma, lakini hapa atalala kama kitandani. Shemeji alikuwa anatabasamu na jasho linamtiririka. Akanitazama, macho yake yakiniomba nisifungue mdomo.

Nilimwomba mwalimu ashuke. Akashuka. Nikavua koti nikavaa miwani ya kazi, nikachukua grenda yenye jiwe la kukatia, nikapanda juu ya ngazi ya mbao na kuanza kwenye paa.

Sijui kama naweza kukueleza ile kelele. Shemeji aliruka akaja kunishika mguu, Waya akamzuia kwa mikono miwili. Mwalimu alikimbilia nje, akasimama mlangoni ameziba masikio. Nilikata paa, nikashuka nikakata kizingiti cha kulia, cheche zinaruka hadi kwenye makopo ya rangi, nikahamia cha kushoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa kazi ya asubuhi nzima, maana sakafu ndiyo yenye mshono mrefu kuliko yote. Sikuifikia sakafu. Kizingiti cha kushoto hakijaisha, gari likalia, mlio wa chini kama ng'ombe, nikaruka nyuma. Sakafu ikaachana yenyewe, kutoka upande hadi upande. Tumbo la gari likakaa chini, pua ikatazama juu na mkia ukatazama juu.

Vumbi lilipotulia tuliinama sote wanne kuangalia. Sehemu kubwa ya ule mshono haikuvunjika siku ile, dada. Kingo zake zilikuwa na kutu kavu ndani, zilikwisha kuachana zamani. Ni zulia, lami na kipande kama cha urefu wa mkono wangu ndivyo vilivyokuwa vimelishika gari lile.

Waya alimwachia shemeji. Shemeji akakaa juu ya tairi kuukuu, akashika kichwa. Alisema maneno machache, na wala hakuwa anamwambia mtu yeyote.

"Jumamosi niliwapeleka kuogelea. Walisema baba kimbiza, nikakimbiza hadi mia na arobaini."

Akalia. Mwalimu, ambaye hata hakuelewa vizuri alichoponea, ndiye aliyekwenda kumshika bega.

Mchana ule Baba alinipeleka kwa wakaguzi wa magari kwa gari lake jeupe. Niliandika maelezo kurasa nne, nikamtaja Rula, nikajitaja mimi, nikachora mwandiko wa mshono wangu ili waujue wakiuona. Karakana ya Rula ilihama zamani, lakini wanamtafuta, na mimi nimeambiwa nisisafiri mpaka nitakapoitwa. Gari la pili lilipatikana jana. Linakodishwa kubebea maharusi, limepambwa utepe mweupe, na dereva wake alipooneshwa sakafu alitapika. La tatu halijapatikana. Wanasema lilikuwa la kijivu. Sasa nikiona gari la kijivu barabarani nasimama, nalitazama magurudumu ya nyuma mpaka lipotee, na watu wananipita wakidhani nina wazimu.

Ungeweza kufunga barua hapa ukasema mdogo wako alikosa akiwa kijana, na alipojua akatubu. Baba anasema hivyo. Wakaguzi nao wamesema hivyo, kwamba nilijileta mwenyewe. Lakini kuna jambo moja sijamwambia Baba, sikuliandika kwa wakaguzi, na mume wako halijui.

Siku ile uliyonituma nikalikague, kabla sijaliendesha, niliinama upande wa abiria nikainua pembe ya zulia. Niliiona ile lami. Niliiona ilivyo nene mahali pamoja, nami naijua lami ya Rula, nilikuwa naichemsha mimi mwenyewe kwenye debe. Nilikuwa na bisibisi mkononi. Ningekwangua mara moja tu. Nikarudisha zulia, nikalikanyaga likae sawa, nikasema moyoni kwamba haiwezekani, magari ni mengi duniani. Halafu nikaomba ufunguo, nikaliendesha, na likanipa raha niliyokusimulia hapo juu. Jioni nikakwambia lichukueni tu.

Kwa hiyo nilipokuambia kwamba Jumanne ile niliduwaa, nilikuambia kweli, lakini si kama anavyoduwaa mtu asiyejua. Niliduwaa kama mtu aliyekutwa. Kwa miezi mitatu wanao walikaa juu ya mshono wangu kila asubuhi wakiniita mama mdogo, wakinipungia mkono kupitia kile kioo cha tabaka mbili, nami nikiwapungia.

Sikuombi unisamehe katika barua. Nakuomba unijibu, kwa lolote utakaloona linafaa. Na mume wako usimgombeze mpaka umesikia kwake pia. Analala chumbani kwa watoto siku hizi, sakafuni, katikati ya vitanda vyao.

Watoto wanapelekwa shuleni na Baba. Wanalalamika kwamba linarusharusha na babu anakwenda polepole mpaka baiskeli zinawapita. Mkubwa anakusalimu kwa mluzi, mdogo anakuuliza kama huko mna ngazi zinazopanda zenyewe. Baba anasema unywe maji ya moto. Waya naye anakusalimu, ingawa hakujui. Funga kifua kwa nguo nzito, na ukifika kwenye jina hili, ndipo upige simu, nitapokea.

Ni mimi mdogo wako,
Cheche